Vita Havikuandikwa Angani



Siku hizi tunaletewa, kutoka simu hadi simu, maandishi na sauti zenye fundisho la namna moja. Zinasema kwamba vita na mapinduzi ya mataifa huja kwa ratiba ya sayari. Kwamba Pluto ikihama na kuingia katika kundi la nyota la Ndoo, lile liitwalo Verseau kwa Kifaransa, tawala hutikisika. Kwamba misiba yetu ya Kivu na Ituri ilikuwa imekwisha andikwa angani kabla hatujazaliwa. Wengi wameyapokea hayo kwa kicheko. Lakini katika mkutano wa kikundi kimoja cha vijana, kijana aliinuka akauliza kwa uchungu: «Ikiwa imekwisha andikwa, mbona mnatuhimiza tusijiunge na makundi ya silaha? Atakayekufa atakufa, na atakayeua ataua.» Baada ya kusikia neno hilo, hatuna ruhusa ya kunyamaza.

Tuwatendee haki kwanza hao tunaowapinga. Wanasema hivi: Zohali, ambayo shuleni mmeijua kwa jina la Saturne, hukutana na Pluto angani mara moja katika miaka 31 hadi 38 hivi. Zilikutana Oktoba 1914, na vita vikuu vya kwanza vya dunia vilikuwa vimekwisha waka. Zilikutana Agosti 1947, mwezi uleule ambao India iligawanywa na Pakistani ikazaliwa katika damu. Zilikutana Januari 2020, na ugonjwa wa korona ukaifunga dunia. Mtu akisomewa tarehe hizo tatu kwa sauti ya upole, moyo humruka. Sisi wenyewe tuliposikia mara ya kwanza, tulishtuka.

Lakini mkulima mwaminifu anapohesabu mavuno yake hahesabu magunia yaliyojaa peke yake. Huyahesabu na yale yaliyorudi matupu. Orodha ile imeruka magunia matupu. Zohali na Pluto zilikutana pia Novemba 1982: ni vita gani vya dunia vilivyofuata? Tena vita vikuu vya pili, vilivyoua watu wengi kuliko vingine vyote, vilianza mwaka 1939, wakati sayari hizo hazikuwa zimekutana. Je, mnajimu atatahayari? La hasha. Atakuambia kwamba mwaka huo ziliachana kwa digrii 90, na pembe hiyo nayo ni mbaya. Mtajie Septemba 2001 na minara ya New York, atakujibu kwamba wakati huo zilikabiliana kwa digrii 180, na huko nako kuna ubaya.

Hapo ndipo siri inapofunuka, nayo ni hesabu ya darasani. Wanajimu wa leo hutumia magimba kumi ya angani: jua, mwezi, sayari saba, na Pluto. Magimba kumi hufanya jozi 45. Kila jozi hutazamwa katika pembe tano: kukutana, digrii 60, digrii 90, digrii 120 na digrii 180. Hizo ni alama 225. Juu yake wanajiruhusu kukosea digrii kadhaa huku na huku, na kwa sayari ziendazo polepole digrii hizo ni miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka. Basi angani hakuna juma lisilo na alama. Na duniani, ole wetu, hakuna mwaka usio na vita. Mwenye vikapu viwili vilivyojaa, kimoja cha alama na kimoja cha misiba, hakosi kamwe kupata viwili vya kulinganisha.

Tena angalieni jambo hili. Pluto iligunduliwa na Clyde Tombaugh, Mmarekani, mwezi wa Februari 1930. Mwaka 1914 hakuna mnajimu hata mmoja aliyejua kwamba ipo. «Ishara» ya 1914 haikumwonya mtu yeyote. Ilihesabiwa baadaye, wafu wakiwa wamekwisha zikwa. Wazee wetu waliobebeshwa mizigo ya jeshi la wakoloni hadi Tabora mwaka 1916 hawakutwikwa na sayari ambayo haikuwa hata na jina. Walitwikwa kwa amri za maofisa.

Na wakati wanajimu walipothubutu kusema kabla ya jambo kutokea, mambo yalikwendaje? Mwaka 1499 Johannes Stöffler, mtaalamu wa hesabu wa Ujerumani, alichapisha kalenda pamoja na mwenzake iliyoonyesha kwamba Februari 1524 sayari nyingi zingekusanyika katika kundi la Samaki. Makumi ya waandishi wakatafsiri: Samaki ni maji, basi itakuja gharika. Hofu ikaenea Ulaya kwa miaka. Februari 1524 ikaja, ikapita, na gharika haikuonekana. Lakini katika mwaka huo huo wakulima wa kusini mwa Ujerumani waliinuka dhidi ya mabwana zao, na kufikia mwisho wa 1525 walikuwa wameuawa kwa maelfu mengi. Wanahistoria wengi hutaja hata 100,000. Basi watu wakaanza kusema: tazama, ndiyo gharika ile, ila ya damu.

Wakulima hao, hata hivyo, hawakuwa mabubu. Mwaka 1525, katika mji wa Memmingen, waliandika madai yao katika vifungu kumi na viwili. Walilalamikia utumwa wa kuzaliwa nao, zaka zisizo za haki, misitu iliyochukuliwa na mabwana, kukatazwa kuvua na kuwinda, na kazi za shuruti zilizoongezwa kila mara. Katika vifungu vyote hivyo Zohali haitajwi. Mwenye njaa alijua kwa nini ana njaa. Aliyetazama juu ni yule ambaye hakutaka kumsikiliza.

Tusijifanye kwamba Kanisa letu halikuwa na watu waliovutwa na elimu hiyo. Kardinali Pierre d'Ailly, mwanateolojia mashuhuri wa Ufaransa, aliandika mwaka 1414 kwamba mwaka 1789, iwapo dunia ingekuwa bado ipo, ungeleta mageuzi makubwa. Mwaka huo Mapinduzi ya Ufaransa yakaanza. Wanajimu hulitaja jina lake kwa furaha, lakini hunyamazia sehemu nyingine: kardinali alidhani kwamba karibu na nyakati hizo huenda Mpinga Kristo angetokea. Mwaka ulipatana, lakini Mpinga Kristo hakuja. Na yaliyouleta mwaka 1789 yanajulikana: hazina ya mfalme iliyokauka kwa madeni, kodi zilizomlemea maskini na kumwacha mkubwa, mavuno mabaya ya 1788, na bei ya mkate iliyopanda.

Karibu na zama zetu, André Barbault, mnajimu Mfaransa, aliutaja mwaka 1989 miaka mingi kabla kuwa mwaka mzito kwa ukomunisti wa Kisovieti. Na mwaka huo ukuta wa Berlin ukaanguka. Wafuasi wake hawachoki kulisimulia hilo. Hawasimulii kwa sauti ileile kwamba mtu huyohuyo alitabiri hatari ya vita vikuu vya tatu vya dunia katika miaka ya mwanzo ya 1980, na vita hivyo havikuja. Arushaye mawe mengi gizani atagonga bati siku moja. Hatuwezi kusema kwa hiyo kwamba ana macho ya paka.

Sasa tuje nyumbani. Oktoba 1996 vita viliingia Kivu ya Kusini. Tarehe 29 ya mwezi huo Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa wa Bukavu, aliyekuwa ameuonya ulimwengu kwa barua zake na kuwasihi watu wasichukiane, aliuawa katika mji wake. Mwenye jedwali la mienendo ya sayari na aifungue siku hiyo. Ataona kwamba Zohali na Pluto, sayari zilezile ambazo wanajimu huziita wazazi wa vita, ziliachana kwa karibu digrii 120. Na katika lugha ya wanajimu wenyewe, digrii 120 ni pembe ya mapatano, pembe ya mambo kujengeka kwa utulivu. Anga lilisema «amani» siku mchungaji wetu alipouawa! Mnajimu akielezwa hayo hataomba radhi. Atatafuta sayari nyingine. Nasi tunamwuliza swali jingine: anga hilohilo liliwafunika majirani zetu wa Zambia, wakalala usiku ule bila kusikia risasi. Je, wao walikuwa na sayari zao?

Mtauliza: kuna ubaya gani, ikiwa ni mchezo tu wa simu? Ubaya ni huu: fundisho hili humtoa muuaji mahakamani kwa mlango wa nyuma. Mwaka 2010 Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti juu ya maovu mazito yaliyotendeka nchini mwetu kati ya Machi 1993 na Juni 2003. Ilieleza matukio 617: mahali, tarehe, waliouawa, na majeshi au makundi yanayoshukiwa. Hakuna ukurasa unaoishuku sayari. Vita vyetu vina waliovipanga na waliovilipia. Vina njia za madini, vina mipaka inayopitisha bunduki, vina wanasiasa waliowasha ukabila kama mtu awashavyo nyasi kavu. Anayewaambia kwamba ni Pluto anawafunika hao wote kwa blanketi moja. Mama aliyezika watoto wake ana haki ya kujua ni nani aliyeamuru. Kumwonyesha nyota ni kumdhihaki.

Ubaya wa pili ni ule wa kijana tuliyemtaja mwanzoni. Aaminiye kwamba vita vimeandikwa hujiona amesamehewa kabla ya kutenda. Mtakatifu Augustino, ambaye ujanani mwake alizisoma sana elimu hizi, alisaidiwa kuziacha aliposikia habari za watoto wawili waliozaliwa saa ileile, mmoja katika nyumba ya tajiri, mwingine wa mtumwa wa kike: anga moja, maisha mawili tofauti kabisa. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyekubali kama wenzake wa karne ya 13 kwamba nyota huigusa miili, alikataa katakata kwamba zinaweza kuyashurutisha mapenzi ya mtu. Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2116, inaukataa unajimu pamoja na namna nyingine za uaguzi. Haifanyi hivyo kwa kuogopa elimu. Falaki, elimu inayopima mienendo ya nyota, ni rafiki yetu. Hata Vatikano ina kituo chake cha kuchunguza anga. Kinachokataliwa ni kuifanya sayari kuwa bwana wa dhamiri.

Mmoja wenu atatuuliza: na nyota ya Mamajusi je? Ni swali jema, nalo latusaidia. Someni tena sura ya pili ya Injili ya Mathayo. Nyota ile iliwaongoza wageni hadi kwa mtoto. Waliofika walipiga magoti, wakatoa zawadi. Lakini Herode naye aliambiwa habari ya nyota hiyohiyo, akauliza hata wakati ilipoonekana, kisha akaamuru watoto wa Betlehemu wauawe. Mwinjili hakuandika kwamba nyota iliwaua. Aliandika jina la Herode. Nyota ilikuwa moja; mioyo ndiyo iliyochagua. Nasi tunawataka mjifunze kuandika hivyo habari za nchi yetu: kwa majina ya waliotenda.

Basi twawapa kazi, vikundi vyote vya vijana. Ujumbe wa namna hii ukiingia tena katika simu zenu, msigombane na aliyeutuma wala msimcheke, kwa maana mara nyingi ni mtu mwenye hofu anayetafuta maana ya maumivu yake. Mwombeni aandike kwenye karatasi, kwa maneno yasiyogeuka, ni nini kitakachotokea, wapi, na kabla ya tarehe gani. Karatasi hiyo itiwe katika bahasha, bahasha ikabidhiwe mwandishi wa kikundi, nayo ifunguliwe mbele ya wote siku ikifika. Wekeni bahasha zote, zilizopata na zilizokosa, katika sanduku moja. Kufikia mwisho wa mwaka sanduku hilo litawafundisha kuliko makala hii.

Na yule kijana aliyeuliza, tunamjibu hapa mbele yenu wote. Ndugu yetu, hakuna kilichoandikwa. Yule atakayekuja jioni kukushawishi ubebe bunduki ana jina, na anayemlipa ana jina. Wewe nawe una jina, ulilopewa kwenye ubatizo, na jibu utakalompa jioni hiyo litatoka kinywani mwako.