*KONGAMANO LA KUZUIA KUJIUA: BENDERA ZITABAKI OFISINI*



Kamati ya Utendaji ya Tawi imekaa na kuamua: Jumamosi, 12 Septemba 2026, siku mbili baada ya Siku ya Kuzuia Kujiua Duniani, tutafanya kongamano la kuzungumzia kujidhuru na kujiua katika mitaa yetu. Ni kwenye ukumbi wa shule ya msingi, saa 3 asubuhi hadi saa 7 mchana. Anakaribishwa kila mkazi, awe na kadi yetu, ya chama kingine, au asiwe na kadi yoyote.

Baadhi yenu mmetuuliza, tena kwa ukali, jambo hili linahusianaje na siasa. Swali ni halali na tutalijibu. Ila kwanza tuna deni.

*Deni letu*

Mapema mwaka huu mwenzetu mmoja alijaribu kujitoa uhai. Alipona. Kabla hajaruhusiwa kutoka hospitali, habari zake zilishasambaa kwenye kundi letu la tawi: sauti zilizorekodiwa, maswali ya "ni nani huyo?", hata picha za kuchekesha. Sisi viongozi tulikuwemo. Tulisoma, tukanyamaza. Aliporudi mtaani alikuta kila mtu anajua, na tangu hapo hajahudhuria kikao.

Tumekwenda kwake, tumemwomba radhi, na haya tuliyoyaandika ameyaridhia. Asitafutwe, asitajwe. Atakayefanya hivyo ataondolewa kwenye kundi, hata akiwa mjumbe wa kamati.

*Siasa inaingiaje?*

Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Familia inayomkuta mtu wao katika hali hiyo huwaza mambo mawili kwa mpigo: hospitali na polisi. Hofu ya hilo la pili inaweza kuchelewesha lile la kwanza, na hapo dakika ni uhai.

Wenzetu wameanza kutoka huko. Bunge la Ghana lilibadili sheria yake mwaka 2023. Nchini Kenya, Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na Katiba yao. Sheria zetu hupitishwa na wabunge, wabunge hupatikana kupitia vyama, na vyama huanzia kwenye matawi kama hili. Kwa hiyo kongamano litajadili azimio moja la kupelekwa wilayani: aliyejaribu kujiua atazamwe kama mtu anayehitaji tiba, si mtuhumiwa.

*Tutakachojifunza*

Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu 700,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 kujiua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo. Tusimtafutie marehemu sababu moja. Sonona, pombe, ugomvi wa nyumbani, maradhi, mkopo wa kausha damu: mambo haya huja kwa kufuatana, na mtu huzidiwa.

Wataalamu wa afya ya akili watatufundisha mambo ya kufanya, si hotuba. Kumuuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo. Mara nyingi humpa nafasi ya kupumua. Aliye katika hatari asiachwe peke yake. Anayelima afungie dawa za shamba kwa kufuli: Sri Lanka ilipopiga marufuku viuatilifu vikali, hatua kwa hatua, vifo vya kujiua vilipungua kwa takriban asilimia 70.

*Fedha*

Bajeti ya kwanza ilikuwa shilingi 900,000: fulana 420,000, mgeni rasmi na msafara wake 200,000, muziki 180,000, chai 100,000. Tulipoipitia tuliona tumeandaa sherehe. Tumeifuta.

Sasa chai, viti na nauli za wataalamu ni 260,000. Zinazobaki, 640,000, ni za miezi sita baada ya kongamano: nauli ya anayehitaji kwenda kliniki na msindikizaji wake, na vocha za simu kwa wajumbe wanne watakaofuatilia. Hesabu itabandikwa ubaoni kila mwezi. Majina ya waliosaidiwa hayatabandikwa. Mhasibu mzuri anajua kutofautisha risiti na siri ya mtu.

Hakutakuwa na bendera, sare, nyimbo za chama wala mgeni rasmi. Hakutakuwa na kupiga picha. Aliyezidiwa hawezi kukaa mahali anapohofia kwamba kesho sura yake itakuwa kwenye bango letu. Mwanachama aliyesema tunapoteza nafasi ya kujitangaza amesema kweli. Nafasi hiyo tunaipoteza kwa hiari.

*Tunachowaomba leo*

Viongozi wa mashina, piteni nyumba kwa nyumba kualika kwa mdomo, hasa vijana wa bodaboda na wanaume wanaosema hawana shida. Wenye viti vya plastiki, tunaazima 60. Na ninyi nyote, kabla ya kusambaza habari ya mtu, jiulizeni kama mngeisoma mbele ya mama yake.

Usisubiri Septemba kama umezidiwa, au kama kuna mtu unamhofia. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, au mwambie mtu mmoja unayemwamini akusindikize. Kwa watoto, namba 116 hupigwa bure. Milango ya wajumbe wa kamati iko wazi, hata usiku, na safari hii hatutanyamaza wala hatutasambaza.

Imetolewa na:
*Katibu wa Tawi*
Kwa niaba ya Kamati ya Utendaji ya Tawi