Kafyu imeisha: Kwa nini iliumiza zaidi jioni ya Mombasa

Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliondoa kafyu Oktoba 20, 2021 akiwa Kirinyaga, kwenye sherehe za Mashujaa. Nchi nzima ilishangilia, ila Mombasa ilikuwa na sababu zake za ziada.

Miaka 2 kabla ya hapo sikukuu hiyohiyo iliadhimishwa kitaifa hapa, kwenye bustani ya Mama Ngina iliyokuwa imetoka kukarabatiwa. Kwa wauza mihogo, madafu na viazi karai, ilikuwa dalili nzuri. Miezi 5 baadaye, kila mtu akaambiwa awe nyumbani saa moja usiku.

Saa moja ya Mombasa

Kafyu ilianza Machi 27, 2020, saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Ilikuwa amri moja kwa Wakenya wote, lakini haikumuuma kila mtu sawa.

Jua la Mombasa huzama mnamo saa kumi na mbili na nusu. Joto likipungua ndipo watu hutoka. Baada ya Magharibi mishkaki inapanda kwenye mkaa, karai la viazi linachemka, na wazee wanakaa barazani na kahawa chungu na kashata. Sasa piga hesabu: kuanzia jua kuzama hadi kafyu, muuzaji alikuwa na kama nusu saa. Na humo humo afunge, abebe vyombo, atafute tuktuk.

Chakula cha asubuhi kilikuwa na nafasi zaidi. Mahamri na mbaazi hupikwa nyumbani alfajiri na mteja huja kukishakucha. Kwa hiyo wapishi wawili wa mtaa mmoja, wenye mtaji sawa, wangeweza kupata hasara tofauti kabisa kwa sababu ya saa tu.

Ramadhani mbili

Pigo kubwa lilikuja Mei 6, 2020. Serikali ilifunga Mji wa Kale, pamoja na Eastleigh ya Nairobi: hakuna kuingia wala kutoka, mikahawa na masoko yafungwe. Kaunti nzima ya Mombasa tayari ilikuwa imefungiwa tangu Aprili 8.

Angalia kalenda. Mei 6 ilikuwa katikati ya Ramadhani, mwezi ambao kaimati, sambusa na tambi huuzwa kuliko wakati mwingine wowote. Idi ikaingia Mei 24, Mji wa Kale ukiwa bado umefungwa. Ulifunguliwa Juni 7, na mipaka ya kaunti Julai 7.

Ramadhani ya 2021 ilikuwa nafuu kidogo, kafyu ikianza saa nne usiku. Lakini anayetoka tarawehe mwendo wa saa tatu, akifika kibandani anakuta wenyewe wanafunga.

Harusi nazo zilisimama, kisha zikarudi na watu wa kuhesabu. Harusi ya Pwani si bwana na bibi harusi peke yao. Kuna wapishi wa pilau na biriani za sufuria kubwa, wapaka hina, waimbaji wa taarab, wakodishaji viti na maturubai. Sherehe moja ikifutwa, wote hao wanakosa riziki siku hiyohiyo.

Msaada ulipita wapi?

Serikali haikukaa bure. Aprili 2020 iliwaondolea kodi ya mapato wanaolipwa hadi Sh24,000 kwa mwezi, na VAT ikashuka kutoka asilimia 16 hadi 14. Shida ni kwamba mama wa viazi karai hana payslip. Nafuu ya kodi ya mshahara haimfikii mtu asiye na mwajiri.

Kilichomgusa moja kwa moja ni simu. Mwezi Machi Safaricom ilifuta ada za M-Pesa kwa miamala isiyozidi Sh1,000, na nafuu hiyo ikaendelea hadi mwisho wa mwaka. Sahani ya chakula iko ndani ya kiasi hicho. Ukiwa na WhatsApp na kijana wa bodaboda, uliweza kupokea oda mchana na kupeleka chakula kabla ya saa moja. Ila njia hiyo ilimfaa mwenye simu nzuri na wateja anaowajua. Anayetegemea wapita njia, wapita njia wakiwa majumbani, atamuuzia nani?

Sasa je?

Disemba ikija, watu wa bara huteremka na treni kama kawaida. Itakuwa rahisi kuona foleni Mama Ngina na kusema mambo yamerudi sawa. Foleni hiyo haitakuonyesha aliyekula mtaji wake mwaka 2020 akabaki bila hela ya mafuta na mkaa.

Ndiyo maana mjadala wa kufufua utalii usiishie kwenye hoteli za ufuoni. Serikali ya kaunti ina leseni, ina taa za barabarani, ina askari wake. Inaweza kumpunguzia muuzaji wa usiku ada, ikamwekea mwanga na choo, na ikaacha kumfukuza. Hayo hayahitaji bajeti ya ajabu.

Na ikitokea amri nyingine ya dharura, kabla ya kutaja saa, mtu aulize kwanza: saa hiyo nani ndiyo kwanza anawasha jiko?