Ukingo wa kitenge
Mama muuza bitenge wa Bunia anaweza kujipatia faida ya haraka akimwambia mteja kwamba nakala ya bei nafuu ni waksi ya Uholanzi. Mimi namheshimu yule anayegeuza ukingo wa kitambaa, akaonyesha maandishi yake, kisha akataja bei kwa faranga au dola bila kuficha kitu. Mteja wake atarudi, hata barabara ya Mahagi ikiharibika na mali ya Kampala ikapanda bei. Lakini uaminifu wa sokoni unahitaji haki nyumbani. Sheria ya Familia ya Kongo (DRC) ya 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kuingia mkataba. Marekebisho ya 15 Julai 2016 yaliondoa sharti hilo. Ila sheria pekee haitoshi; basi waume, jioni shikeni watoto na sufuria, mama afunge hesabu zake kwa utulivu.