Nishani Haiombwi

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niwakumbushe wenzangu, hasa wazazi wa huku Ngara na Biharamulo, habari ya nishani za Girl Guides. Chama hiki kilianzishwa Uingereza mwaka 1910, nacho kikafika Tanganyika mwaka 1928. Nishani zake si mapambo ya sare. Kila moja ni ushahidi kwamba msichana amejifunza kazi fulani, akajaribiwa, akaiweza.

Mzazi mwenye cheo akimnong'oneza kiongozi, "Mpe na binti yangu," amharibu binti yake. Tena amemdhulumu binti wa mkulima aliyejaribiwa kwa haki, kwani nishani yake nayo haitaaminiwa.

Sisi makarani twajua maana ya muhuri. Barua iliyopigwa muhuri bila kusomwa ina hatari kuliko isiyo na muhuri kabisa. Ndivyo ilivyo nishani ya huduma ya kwanza kwa asiyejua kufunga jeraha. Hapa Rusumo, mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi. Siku kama ile haiulizi nani amevaa nishani, bali nani anaijua kazi.

Basi tusiwaombee binti zetu nishani, tuwape nafasi. Jioni moja kwa juma tuwapunguzie kuteka maji na kutafuta kuni, wakajifunze, wajaribiwe, na wakishindwa warudie. Nishani ipatikanayo hivyo ndiyo yao kweli.

Ni mimi,
Mwanachama, Rusumo