Msuli Uliolegea Hauandaliwi kwa Kuvutwa

Ni ada iliyokita katika viwanja vyetu vya kandanda, tangu vya shule hata vya timu zenye majina, ya kwamba kabla ya mpira kuanza wachezaji huketishwa chini, miguu wameinyoosha mbele, vidole vya miguu wamevishika, na kocha akahesabu polepole mpaka thelathini, kisha akawarudisha tena na tena. Na aghalabu hakuna aulizaye faida yake, madhali waliotutangulia uwanjani walifanya vivyo hivyo. Rai yangu ni kwamba ada hii, kwa jinsi ifanywavyo na kwa wakati ifanywapo, yafaa iachwe.

Kunyoosha msuli kuna namna mbili zisizofanana. Ya kwanza ni kuuvuta msuli uliolegea, usio na kazi yoyote, na kuushikilia hapo. Ya pili ni msuli kurefuka ilhali umekaza, ukishindana na uzito unaouvuta, mithili ya paja la mtu ateremkaye ngazi.

Mintarafu ya ile ya kwanza, watafiti wa Kanada walitoa habari mwaka 2000 ya kwamba waliwavuta watu misuli ya shavu la mguu kwa takriban nusu saa, na walipoipima papo hapo nguvu zake zilikuwa zimepungua kwa asilimia 28, na saa nzima baadaye upungufu wa asilimia 9 ungalipo. Sababu moja ni kwamba neva hupeleka kwa msuli amri iliyo hafifu kuliko kawaida. Hakika hakuna kocha avutaye kwa nusu saa. Walakin hata msuli mmoja ukivutwa kwa dakika moja au zaidi, nguvu hupungua kidogo, na katika mchezo unaoamuliwa kwa hatua moja, kidogo hicho si haba.

Msuli uliokaza una kanuni nyingine. Mwaka 1952 Abbott na Aubert walieleza kwamba msuli ukirefushwa hali umekaza, kisha ukashikiliwa katika urefu ule mpya, hutoa nguvu nyingi kuliko ambazo ungalitoa lau ungalikazwa katika urefu uo huo bila kurefushwa kwanza. Jambo hili liliwatatiza wataalamu miaka mingi, kwani nadharia ya nyuzi za aktini na miosini zinazoteleza, iliyotolewa mwaka 1954, haikutosha kulifafanua. Na siku hizi wengi wao hulinasibisha na taitini, protini kubwa kupita zote zijulikanazo mwilini, ambayo hukakamaa msuli unapoamshwa na kalsiamu ikaenea ndani yake.

Faida ya kurefuka kwa msuli uliokaza tunaiona kila wiki kwa golikipa: kabla ya kuruka hukunja magoti kwa ghafla, wala hatulii, mara akafyatuka, naye lau angalitulia chini kitambo ndipo aruke, asingalifika juu kadiri ile.

Atakayesema kwamba kuvuta misuli kwa utulivu huzidisha wepesi wa viungo, amesema kweli, nami simkatazi; bali wakati wake ni baada ya mchezo, au siku ya mazoezi peke yake. Kabla ya mchezo, mchezaji na akimbie polepole, arushe miguu, aruke, akate kona, misuli yake ikirefuka huku inafanya kazi. Mpango wa FIFA 11+, uchukuao takriban dakika 20, huanza kwa mbio za polepole, na ndani yake mna zoezi la kupiga magoti na kuinamia mbele taratibu huku misuli ya nyuma ya paja ikizuia anguko. Nalo halihitaji kifaa chochote, ila mwenzio wa kukushika vifundo vya miguu.

Basi makocha na walimu wa michezo, msiwaketishe vijana chini kabla ya mchezo, wasimamisheni wakimbie.