Sindano Moja Haimkingi Mtoto wa Mbwa

Mtoto wa mbwa akianza kutapika na kuharisha damu yenye harufu kali, wa kwanza kulaumiwa huwa jirani: eti katega sumu. Wengine hukimbilia dawa ya minyoo. Siku mbili tatu mbwa kafa, na ujirani umeharibika bure. Mara nyingi muuaji ni kirusi cha parvo, kilichoenea duniani tangu 1978 na ambacho chanjo yake ipo.

Sisi lawama tunawapa wauza mbwa. Wapo wanaopanga watoto wa wiki tano au sita kando ya barabara na kumhakikishia mnunuzi kwamba "huyu kashachanjwa." Hata ikiwa kweli, sindano moja haitoshi. Kinga ambayo mtoto huipata katika maziwa ya mama huizuia chanjo isishike, nayo huisha mapema kwa huyu na kwa kuchelewa kwa yule. Ndiyo maana chanjo huanza kati ya wiki ya sita na ya nane, hurudiwa kila wiki mbili hadi nne mpaka mbwa afikishe wiki 16, na tena karibu na mwaka mmoja. Asiyeonyesha kadi yenye tarehe na saini ya daktari wa mifugo asilipwe bei ya mbwa aliyechanjwa.

Wanaotegemea kampeni za bure za kichaa cha mbwa nao wajue kuwa sindano ile haizuii parvo. Na kusubiri auguzwe akishaugua ni ghali: ni dripu siku kadhaa, na asipotibiwa, uwezekano wa kufa unafika tisa kwa kumi.

Kisha kuna suala la uwanja. Kirusi hiki hukaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka, na husafiri kwa viatu. Sabuni pekee haikiui, wala spiriti. Sakafu ya saruji iondolewe kinyesi, ioshwe, kisha imwagiwe jiki, kipimo kimoja kwa maji vipimo 30, iachwe dakika kumi. Udongo hausafishiki hivyo. Basi muuzaji aliyefiwa na watoto wa mbwa katika banda lake, na wiki inayofuata akaingiza wengine humo humo, amwambie mnunuzi kabla hajapokea pesa.