Hadithi Isiyokubali Kufa

Ndugu msomaji, nawe mama mlezi wa nyumba, nakuulizeni swali jepesi: hadithi ikishakwisha, yafaa ifukuliwe kaburini ikauzwe sokoni? Mkijibu kuwa hilo ni jambo dogo la watoto, basi nivumilieni kidogo, kwani biashara hii yawasomesha vijana wetu somo ambalo sisi hatukumwajiri mtu awasomeshe.

Huko Marekani kumekuwa na michezo mingi ya televisheni juu ya mapepo, wachawi na wafu wanyonyao damu. Mmoja ni Buffy the Vampire Slayer, ulioonyeshwa tangu 1997 hata 2003. Mwenziwe, Angel, ulianza 1999, na kituo chake kikaukata mwaka 2004. Watazamaji walisikitika, na wachapishaji wa vitabu vya katuni wakauona mlango wa riziki. Mwaka 2007 kampuni ya Dark Horse ikaanza kuutoa “msimu wa nane” wa Buffy kwa picha za kuchora, matoleo 40 mpaka 2011. Ukafuata wa tisa, wa kumi, wa kumi na moja, hata wa kumi na mbili mwaka 2018. Kampuni ya IDW nayo ikaiendeleza Angel. Na wale madada wachawi wa Charmed, ambao televisheni ilikifunga kisa chao 2006 kwa kumwonyesha mmoja wao amezeeka, ana mjukuu, nao walirudishwa vitabuni mwaka 2010.

Sasa watazameni wafu wa hadithi hizi. Giles, mwalimu wa Buffy, auawa mwishoni mwa msimu wa nane. Katika kitabu kilichofuata, afufuliwa kwa uchawi, tena arudi na mwili wa mtoto! Katika Angel, mji mzima wa Los Angeles watupwa jahanamu, watu wafa humo, kisha wakati warudishwa nyuma na waliokufa humo wawa hai. Katika The X-Files, marafiki watatu waliokufa kwenye televisheni mwaka 2002 waliibuka katika katuni ya 2013, tukaambiwa walijificha tu. Mchezo wenyewe uliporudi televisheni mwaka 2016, yale ya katuni yakawekwa kando. Basi yule aliyetoa fedha zake kununua alinunua nini?

Mtu atasema: “Sheikh, hadithi ya Angel ilikatwa njiani, watu walidai mwisho wao.” Neno hilo lina haki. Aliyeanza kusimulia ana deni la kumaliza. Walakini deni hulipwa mara moja. Kitabu kimoja cha kufunga kisa kingetosha, na tungenyamaza. Je, mdai gani huyu alipwaye kila mwezi kwa miaka kumi na moja, na deni halishi? Tena mwaka 2019 mchapishaji mwingine, Boom! Studios, alimrudisha Buffy shuleni, kisa kikaanza upya kama kwamba hapakuwa na lolote.

Mwingine atasema: “Mbona Alfu Lela Ulela imejaa majini, na Shahrazadi naye alikuwa hamalizi hadithi?” Kweli. Lakini Shahrazadi aliurefusha usiku ili aiokoe shingo yake na shingo za wanawake wenziwe. Na hata yeye alifika mwisho. Hawa warefusha ili toleo lijalo lipate mnunuzi, maana mpenzi wa mchezo ni mteja aliyekwisha kukamatwa. Tofauti iliyoje!

Mimi siwakatazi watoto hadithi. Bibi zetu walituita kwa “Paukwa!”, tukaitika “Pakawa!”, na majini yalikuwamo, na mazimwi yalikuwamo. Lakini bibi alikuwa akifika mahali akasema hadithi imekwisha, na zimwi lililokufa halikurudi kesho usiku. Hapo mwisho ndipo palipokuwa na funzo. Aliyedanganya aliumbuka, na aliyevumilia alipata.

Shauri langu ni hili. Kifo kikiwa chaweza kutanguliwa, hakuna tendo lenye uzito. Mwenye kuua hakuua, mwenye kujitoa mhanga hakujitoa, na mwenye kulia alilia bure. Kijana aliyezoea hayo, siku baba yake afapo atasimama wapi? Aona mwili waoshwa, wakafiniwa, wazikwa. Aona mama yake akaa eda miezi minne na siku kumi. Na hakuna toleo lijalo. Sisi twaamini kuna kufufuliwa, lakini si kwa kalamu ya mchoraji, wala si kwa sababu wanunuzi wameomba. Ni kufufuliwa kwa hesabu, na hesabu haiwezekani ila kwa kitabu kilichofungwa.

Basi, mzazi, usikimbilie kuvichana vitabu hivyo wala kumpokonya mwanao simu. Atavisoma kwa jirani. Keti naye umwulize: “Huyu alikufa lini? Karudi kwa sababu gani? Nani kafaidika?” Mwache ajibu mwenyewe. Kisha usiku mpe hadithi yenye mwanzo na mwisho, na ukifika mwisho, nyamaza. Akikwambia “endelea,” mwambie imekwisha, na mwache alale akiifikiri.